Ugonjwa Niliouita Tumbo

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu na wenzangu wa kikundi chetu hiki cha Shelui, nashukuru kwa nafasi hii. Nitasema bila kumtaja mtu jina, na nitasema kwa utaratibu, kwa kuwa jambo lenyewe liliharibika kwa kusemwa nusu nusu.

Mnajua kuwa mimi ni askari wa jeshi. Katika kambi niliyotumikia, anayeumwa alitoka mstarini asubuhi, akasimama mbele ya wenzake, akataja ugonjwa wake kwa sauti, ndipo sajini ampe ruhusa ya kwenda zahanati. Kwa mwenye malaria utaratibu huo hauna shida. Mimi nilikuwa natokwa na damu ya hedhi zaidi ya siku kumi kila mwezi, mabonge kwa mabonge, na nyuma yangu zimesimama safu nne za wanaume.

Nikasema, "Tumbo, afande."

Nikapewa dawa za minyoo. Mwezi uliofuata nikasema tumbo, nikapewa dawa za amiba. Mara ya tatu sajini akanitazama.

"Binti wa Singida, tumbo tena? Punguza kula mlenda wenu."

Safu zikacheka. Ndugu zangu, hata mimi nilicheka, ili nisiulizwe zaidi.

Hali hiyo ilidumu mwaka na nusu. Nilipokuja likizo, mama yangu, yule aliyeketi karibu na mlango, alinikuta nafua shuka kwa mara ya pili siku hiyo hiyo. Nikamweleza yote.

"Huko jeshini hakuna nesi wa kike?"

"Yupo, mama. Ila kumfikia ni mpaka nipite mbele ya wanaume wote."

Akainua ndoo, akanimwagia maji kwenye beseni. "Basi wapitie. Kwani wao walizaliwa wapi?"

Niliporudi kambini nilitoka mstarini. Sajini akaniwahi: "Tumbo."

"Hapana, afande. Natokwa na damu ya hedhi, leo siku ya kumi na nne. Kizazi kinaniuma. Naomba ruhusa ya kumwona nesi wa kike."

Mtu mmoja nyuma akacheka chini chini. Sajini akainamia daftari, kalamu imesimama.

"Hilo... niandikeje?"

"Kama nilivyosema, afande."

Nikasikia buti nyuma yangu. Mwenzangu mmoja wa kike alikuwa ametoka mstarini. "Na mimi, afande. Yangu ina miezi minne." Kisha akatoka wa tatu. Safari hii hakuna aliyecheka.

Nesi alinipima na siku hiyo hiyo akaniandikia rufaa. Hospitalini daktari alinieleza kwamba ningefika mapema, wangetoa tu uvimbe ulioota kwenye kizazi. Sasa ilibidi kizazi nacho kitolewe. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, na sijazaa.

Siyasemi haya ili mnionee huruma. Pole nimepewa za kutosha. Nilichokosa ni chumba chenye mlango na mtu wa kunisikiliza ndani yake.

Nilipopona sikunyamaza. Sisi watatu tulimwandikia kamanda barua, haikujibiwa. Tukaandika ya pili. Walikuwepo waliosema tumeleta mambo ya chumbani kwenye gwaride. Nikawajibu kuwa gwaride ndilo lililotutaka tuyataje. Leo, katika kambi ile, askari wa kike husema tu, "Naomba nesi," naye huenda.

Namshukuru nesi yule. Nawashukuru wale wawili waliotoka mstarini. Namshukuru hata sajini, kwa kuwa barua ya pili alimpelekea kamanda kwa mkono wake. Na wewe mama, kwa ile ndoo ya maji.

Nawaambia nilichojifunza: nilipoficha jina la ugonjwa, nilitibiwa ugonjwa mwingine. Nasi hapa tunafanya vivyo hivyo. Tunaketi kwenye benchi la zahanati, tunasema mgongo, tunasema tumbo, kwa sababu jirani anatusikia. Kesho asubuhi nitakuwa kwenye benchi hilo, nimevaa sare. Anayetaka kusindikizwa aje akae ubavuni pangu, ataje kinachomuuma. Atakayetaka kucheka, acheke akinitazama mimi usoni.