Msumari Mmoja Mwilini mwa Geti

Benchi la kijiwe hiki lilichomelewa na Geti, fundi wa kuchomelea mageti, kwa mabaki ya vyuma vya uzio wa shule. Lipo kati ya karakana yake na kibanda cha Antena, fundi redio, na mguu wake mmoja umekaa juu ya tofali. Shangazi huleta birika la kahawa. Elbo, fundi bomba, huja na zana zake kwenye ndoo. Mtu akilalamika hapa kwamba anaumwa, hupewa dawa kabla hajamaliza kueleza anaumwa wapi. Mgongo wa Elbo ulitibiwa hapa. Kikohozi cha Shangazi kinatibiwa hapa mpaka leo. Asubuhi ile karakana ilikuwa bado na kufuli, na Geti alikuwa amekaa benchini na shati lililopigwa pasi, ameshika msumari.

Antena: Vipi, huchomelei leo? Umependeza kama bwana harusi.

Geti: Naenda hospitali. Wanataka kunitoa damu.

Elbo: Kukutoa au kukupima?

Geti: Kupima walishapima. Sasa wanatoa. Mfuko mzima, halafu nirudi baadaye watoe mwingine.

Shangazi: Ebo! Mgonjwa huongezewa damu. Nani kakwambia hutolewa?

Geti: Yangu ina chuma kingi mno.

Kikombe cha Elbo kiliishia njiani.

Elbo: Chuma hiki tunachokikata?

Geti: Hikihiki. Daktari anasema kila mtu anacho. Ndicho kinachobeba hewa kutoka mapafuni, kikaifikisha mpaka kidole cha mguu. Nikamuuliza, mtu mzima ana chuma kiasi gani? Akasema ukikikusanya chote unapata msumari. Mmoja tu. Jana nimeutafuta karakanani kwangu unaokaribia. Huu hapa.

Akafungua kiganja. Ulikuwa msumari wa kutundikia kalenda. Antena aliuchukua, akaupima uzito mkononi, akampa Elbo. Elbo akampa Shangazi. Shangazi aliurudisha kwa mikono miwili.

Shangazi: Ndio unaotusimamisha huu?

Geti: Ndio huo.

Shangazi: Na mimi nilivyojaa hivi?

Geti: Wako huenda ni mfupi kuliko wangu, Shangazi.

Shangazi: Mungu wangu. Na ngazi zile ninazipanda kila siku.

Antena: Ngojeni. Mimi nimeshaelewa. Geti amegeuka sumaku! Ndiyo maana akikaribia kibanda changu redio zinakoroma.

Elbo: Zinakoroma kwa sababu umezitengeneza wewe.

Antena aliingia kibandani, akatoka na sumaku ya spika, akaibandika kifuani kwa Geti. Ilianguka mapajani mwake.

Antena: Shati hilo ni zito.

Elbo: Kaka, kaa chini. Hapa hakuna sumaku, hapa kuna kutu. Tazameni.

Akatoa kwenye ndoo kipande cha bomba kuukuu alichokikata jana kwenye nyumba moja ya ghorofa. Kwa nje lilikuwa zima. Akalielekeza kwenye mwanga, wakachungulia mmoja mmoja. Kutu ilikuwa imejaza ndani pande zote. Katikati kilibaki kitundu ambacho njiti ya kiberiti isingepita.

Elbo: Watu walikuwa wanaoga kwa maji yaliyopita hapo. Ndugu yangu, mishipa yako ndiyo hiyo.

Geti: Nilimwambia daktari maneno hayohayo. Akasema hapana. Bomba limekufa, mshipa uko hai. Chuma kikizidi kinatafuta pa kukaa. Kinakaa kwenye ini, kinakaa kwenye moyo. Kingine kinaweza kuyachokoza mafuta yaliyoganda kwenye ukuta wa mshipa, ukuta ukavimba, ukawa mgumu. Nikamuuliza, basi changu ndicho kilichofanya hivyo? Akasema hawezi kuapa. Presha nayo imo, mafuta nayo yamo. Hapo kwenye chuma na mishipa wataalamu bado wanabishana.

Elbo: Kumbe na wao wana benchi lao!

Geti: Ila kikipungua sana pia ni balaa. Moyo unahangaika.

Shangazi: Sasa huo msumari ukiwa mrefu shida, ukiwa mfupi shida?

Geti: Ndivyo alivyosema.

Aliuzungusha msumari kati ya vidole.

Geti: Nimeuona mshipa wangu.

Antena: Umeuona wapi?

Geti: Kwenye skrini. Dada mmoja alinipaka jeli hapa shingoni, ya baridi, akapitisha kidude kama pasi ndogo. Nikauona. Unatanuka, unasinyaa, unatanuka. Na mimi nimelala tu, sijauagiza kitu. Tangu tumboni mwa mama haujapumzika hata sikukuu. Mimi nikiumwa jino tu nafunga karakana.

Shangazi alitua birika chini.

Geti: Upande mmoja ukuta wake ni mwembamba kama mstari wa kalamu. Upande wa pili umenenepa. Yule dada alisimamisha kidude pale, akatazama, akatazama tena. Nilijua.

Bila kuambizana, wote watatu walishika shingo zao. Wakakaa hivyo, kila mmoja akisikiliza kwa vidole. Kahawa ya Antena ilianza kupoa.

Elbo: Wangu upo.

Shangazi: Nyamaza nisikie wangu.

Antena ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

Antena: Hebu fikirieni. Mtaa huu wote, tukikusanya misumari yetu, si tunatoa geti?

Elbo: Geti la nyumba ya kuku.

Antena: La kuku, sawa. Lakini mji mzima? Unatoa daraja! Treni inapita juu ya watu!

Shangazi: Ushaanza.

Antena: Na hicho chuma mnajua kimetoka wapi? Nilisikia redioni, na si redio niliyotengeneza mimi, Elbo, usiniangalie hivyo. Kimetoka kwenye nyota. Nyota kubwa zilipasuka zamani, kabla ya dunia, chuma kikamwagika. Huo msumari wa Geti ni wa nyota.

Katika yote yaliyosemwa asubuhi ile, hili ndilo walilolikataa kwa sauti moja. Elbo alitaka kujua nyota hiyo ilipakuliwa bandari gani. Geti peke yake aliuinua msumari, akautazama kwenye mwanga kama walivyolitazama bomba.

Geti: Siendi.

Shangazi: Hospitali?

Geti: Mimi nachoka, Shangazi. Mwaka wa pili huu, nikichomelea geti moja naona kizunguzungu. Mtu aliyechoka namna hii anatolewa damu, atabaki na nini? Nisipoamka kwenye kile kitanda je?

Elbo: Hapo una hoja.

Antena: Akili yangu pia inakataa.

Shangazi: Basi pata chako cha asubuhi, roho itulie.

Akaingiza mkono kwenye kapu, chini ya vikombe, akatoa chupa ya dawa ya maji, nyekundu iliyokolea, akamimina kwenye kahawa ya Geti kama anavyofanya kila siku. Ni dawa ya kuongeza damu. Geti alipoanza kulalamika uchovu, benchi liliamua kwamba damu imepungua, na tangu hapo chupa haijakosekana kapuni. Ikiisha, mmoja wao hupitia dukani.

Geti alikuwa ameshainua kikombe mkewe alipotokea kwenye kona ya karakana, na mkoba begani. Hajawahi kukaa kwenye benchi hili.

Antena: Shemeji! Karibu kahawa.

Mke: Asante, tumechelewa. Hiyo chupa ni ya nini?

Shangazi: Ya mumeo, mwanangu. Ya kuongeza damu. Sisi hatumtupi, kila asubuhi anapata.

Mke: Tangu lini?

Elbo: Tangu alipoanza kuchoka.

Mke alimgeukia mumewe.

Mke: Daktari alikuuliza mbele yangu unatumia dawa gani. Ukasema hutumii.

Geti: Hii si dawa. Hii ni kahawa ya kijiweni.

Mke aliichukua chupa kwa Shangazi, akasoma karatasi yake polepole, mpaka kidole chake kikasimama kwenye neno "chuma". Hakupandisha sauti.

Mke: Alipoanza kuchoka, nani alimpima, akaona damu imepungua?

Elbo alimtazama Antena. Antena aliokota sumaku yake, akaifuta vumbi ambalo halikuwapo. Shangazi alifungua kifuniko cha birika, akachungulia ndani, akakifunga.

Geti alikiweka kikombe benchini bila kukionja. Alisimama, akaupokea mkoba wa mkewe, akaitia chupa ndani.

Geti: Tumpelekee daktari aione.

Waliondoka, yeye akitembea polepole, mkono mmoja shingoni. Msumari ulibaki kwenye benchi, kando ya kikombe kilichojaa, na hakuna aliyeugusa.

Baada ya muda Shangazi alikohoa. Akangoja kifua kitulie.

Shangazi: Na changu hiki, nani alikipima?