Ubao wa Mzee Kassimu

Mheshimiwa Diwani, Baba Mchungaji, ndugu madereva na makondakta mliokubali kuzima injini kwa ajili yetu leo, wageni waalikwa, na wenzangu wa jikoni: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Na wewe Mzee Kassimu, pokea shikamoo ya peke yako.

Tumekuja kumuaga mtu aliyesimama kwenye kaunta ya hoteli hii miaka arobaini, na kuzindua menyu yetu mpya ya mtandaoni. Mnadhani ni shughuli mbili? Ni moja, na nitawaeleza kwa nini.

Mwaka themanini na nne Kassimu aliacha kukata mkonge, akaja kwa marehemu baba yangu, Mzee Melkizedeki. Juu ya kaunta palikuwa na ubao uliojaa: pilau, kuku, samaki, chapati. Jikoni je? Mchele haupatikani, unga wa ngano tunausikia tu, sukari kwa foleni. Kulikuwa na makande tu, mahindi na maharage. Abiria wanashuka, wanaagiza pilau, hakuna, kuku, hakuna, honi inalia, wanapanda basi na njaa yao. Siku ya tatu ya kazi, Kassimu alichukua kitambaa chenye maji, akafuta ubao wote, akaandika, "Makande. Chai ya rangi." Kisha akautoa nje, akauelekeza kwenye madirisha ya basi.

Baba alifoka, "Kijana, unanivua nguo mbele ya watu!"

"Mzee, hawa wana dakika kumi na tano," Kassimu akajibu. "Tusiwapotezee kwa visivyopo."

Dereva wa kwanza alicheka mpaka akashika tumbo, halafu akala sahani mbili.

Baadaye biashara ikafunguliwa, mchele ukarudi, soda zikaja kwa kreti, naye akaongeza mstari mmoja mmoja, kile tu kilichokuwa kwenye sufuria. Siku aliyoandika "chapati", watu wa Hedaru, mlipiga makofi barabarani! Nilikuwepo.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Mwaka jana mimi, Priska, niliweka menyu mtandaoni, vyakula arobaini na viwili. Makande nikayaita "Mchanganyiko wa Kifalme wa Milimani". Cheka tu, Elinaza fundi wetu wa kompyuta, si wewe uliyechapa? Basi, dada mmoja, Koleta, akisafiri na mama yake mwenye kisukari, aliagiza samaki kwa simu tangu Lembeni. Walipofika, samaki hakuna. Nikababaika kutafuta kingine, honi ikalia. Yule mama aliondoka bila kula, na alivyonitazama sitasahau. Kesho yake wenye basi wakatuma ujumbe: ikitokea tena, watasimama kwingine. Watu kumi na wawili hapa tunaishi kwa mabasi hayo. Nililia, jamani, siwafichi.

Mzee Kassimu akaniletea chai, akasema kwa upole, "Priska mwanangu, umeutundika tena ule ubao wa kwanza wa baba yako."

Wiki hiyo tulifuta vyakula thelathini na vitatu. Tisa vilivyobaki vina majina ambayo kila mtu anayajua, bei, picha ya sahani yetu wenyewe, na dakika za kusubiri. Mashine ya kaunta na simu ya abiria zinasoma orodha moja. Chakula kikiisha, tunabonyeza kitufe kimoja, jina lake linatoweka kote. Mabasi hayakuhama. Na Dada Koleta yupo meza ya mbele pamoja na mama yake, wamekuja kwa hiari yao. Mama, karibu tena, na utusamehe.

Mzee Kassimu, uliuliza kile kitufe kinaitwaje, tukakwepa. Leo nakujibu. Elinaza aliandika "Futa", lakini hakuna anayelitumia jina hilo. Ndizi zikiisha, jikoni wanapaza sauti, "Piga Kassimu!" Kwa hiyo wewe staafu, ukapumzike nyumbani, lakini jina lako litaitwa hapa kila siku saa saba mchana, na nani atathubutu kudanganya abiria likiitwa?

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Sasa karibuni mezani: someni, na kila mtakachokisoma kipo.