Dawa Niliyoificha Kati ya Nati

Sifa zote zimrudie Bwana, ndugu zangu! Nimesimama kwa miguu yangu mwenyewe, na hilo tayari ni ushuhuda.

Wengi mnanijua kama fundi wa injini za mashua. Nilitoka Ukambani nikiwa kijana, nikafungua karakana Mbwajumali, visiwani Lamu, na mara kwa mara naitwa kutengeneza mashua kule Chundwa au Ndau. Msilolijua ni kwamba ninaishi na virusi vya Ukimwi. Leo nalisema bila kutetemeka. Haleluya!

Haikuwa hivyo zamani. Mnajua safari zetu za mashua: tukifika jetini, tunapokezana mifuko mkono kwa mkono. Kikopo cha dawa hulia ndani ya mfuko, na watu wanautambua mlio ule. Kwa hiyo nikavihamishia vidonge vyangu kwenye kopo la nati. Nani atashangaa mfuko wa fundi ukilia? Nilijiona mwerevu! Lakini kopo lile lilikuwa na mabaki ya dizeli, wala halikuzuia unyevu wa bahari. Vidonge vikalainika, vikashikana. Vingine nilivimeza, vingine nikavitupa, nikaona haya kurudi kliniki. Nikakonda. Kifua kikanibana. Nilipozidiwa nikaenda kupimwa, virusi vilikuwa vimepanda, na nesi akaniambia wazi kwamba nikiendelea hivyo nitakufa.

Ndugu zangu, Mungu alinifikia kupitia Bwana Athumani, nahodha ninayemtengenezea injini. Siku moja alitafuta nati, akalifungua kopo.

"Fundi, vidonge hivi vya nini? Injini yangu ina homa?"

Nilijaribu kucheka, nikalia. Nikamweleza yote. Akalifunga kopo, akasema kwa Kiswahili cha kwao, "Hii si ndia ya kuishi, Bwana Mutua. Ukifa, mashine hii korofi nimpe nani? Kesho twende Lamu." Yeye ni Mwislamu, mimi Mkristo. Hakunihukumu hata kwa jicho.

Kliniki walikuwa na utafiti wa sindano ya dawa ya virusi, ya kila miezi miwili badala ya vidonge. Nikataka nichomwe papo hapo! Nesi akanituliza: kwanza virusi vishuke kwa vidonge, tena vimezwe kila siku. Nikavimeza, safari hii kutoka kikopo cha kliniki, mbele ya Bwana Athumani. Kikilia, na kilie! Virusi vikashuka hadi kipimo hakikuviona. Asante Yesu!

Ndipo nikaanza sindano. Huwa ni mbili, moja kila upande wa makalio. Sitawadanganya, zinauma. Mara ya kwanza nilirudi mashuani nimeketi kiupande, na Bwana Athumani akapaza sauti, "Fundi, kaa sawa, wewe wakilaza chombo!" Abiria wakacheka bila kujua sababu, nami nikacheka kuwashinda. Maumivu huisha baada ya siku chache. Sindano haiondoi virusi, na huenda isimfae kila mtu. Tarehe yake pia haitaki mchezo. Nikisikia bahari itachafuka, navuka mapema. Lakini nalala vizuri, nafanya kazi, nimenenepa, na dawa yangu naibeba mwilini, si mfukoni.

Namshukuru Mungu kwa uzima huu na kwa rafiki aliyenipa. Ikiwa yupo hapa anayejificha na dawa zake, mtumaini Bwana, na nesi umwambie ukweli. Jumatatu nakwenda kliniki. Usinieleze kitu mbele za watu. Njoo tu jetini, upande mashua, uketi kando yangu. Nitakushikia nafasi.