Darasa Lililokosa Mchumba

Kwa miaka thelathini na minne Mwalimu Tukazban Hagverdiyeva amefundisha Kiazerbaijani kwa wanaoanza katika kituo chetu hapa Baku. Anastaafu tarehe 30 Juni. Mimi, Sevinj wa masjala, nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajaribu, lakini moyo wangu haupo huko.

Alipoanza kazi, ubaoni tuliandika kwa herufi za Kirusi. Nchi ilipohamia herufi za Kilatini, watu wazima na heshima zao walijikuta hawawezi kusoma gazeti. Mwalimu akawafungulia mlango jioni. "Njooni, wazazi wangu, hakuna aliyezaliwa anajua," aliwaambia. Jirani yangu, mpishi wa pilau, alisoma jina la mtaa wake akabubujikwa na machozi.

Wageni nao aliwapokea vivyo hivyo. Aliwaonyesha jinsi neno letu linavyojengwa: unashika shina, unapachika mkia, kisha mkia mwingine, mpaka neno moja linabeba habari nzima. Wakichoka, aliwamiminia chai.

Chai hiyo ina kisa chake. Rodrigo, injinia wa mafuta kutoka Brazili, alitaka kuoa binti wa mji wa Lankaran, na hakuwa na mzee wa kumsemea. Mwalimu akaongoza ujumbe wa posa. Kwetu wanaoposa hawagusi chai kabla ya kujibiwa. Rodrigo, Mungu amjalie, aliimaliza, akaisifu kwa Kiazerbaijani safi, akaomba ya pili. Shangazi wa binti akauliza, "Huyu kaja kuoa au kukata kiu?" Mwalimu akajibu papo hapo, "Ndugu yangu, ameshajiona yuko kwao." Nyumba nzima ikaangua kicheko, na posa ikakubaliwa.

Mwaka huu aliposa kwa niaba yake mwenyewe. Uongozi ulitangaza kwamba akiondoka, darasa la wanaoanza litafungwa, isipokuwa kama mwenzake mmoja atakubali kulirithi. Basi akapanga peremende kwenye sinia, akalifunga utepe mwekundu, akapita kwa walimu wenzake nyumba kwa nyumba. "Nimekuja kumposea mwanangu," alisema, akimaanisha darasa lake. "Mali hana, ila adabu anayo." Walimu walicheka mpaka wakashika mbavu. Halafu wakaanza kukohoa. Huyu ana watoto wadogo, yule anataka wanafunzi walioiva tayari. Mwalimu Pasha, mkuu wa idara, akamwambia, "Dada yangu, siku hizi simu inafundisha." Mwalimu Tukazban aliiacha chai yake ikapoa, akaaga kwa heshima.

Sinia alilileta masjala. Tulizila zile peremende, na kooni zilikuwa chungu. Jamani, jengo zima limejaa watu wenye shahada, akakosekana hata mmoja! Nina hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Anayeumia zaidi ni Emin, daktari wa meno, mtu wa miaka hamsini. Ni mzaliwa wa Baku aliyesomeshwa kwa Kirusi, na nyumbani kwao walizungumza Kirusi. Mama yake alipopata kiharusi, Kirusi chote kilimtoka. Alibaki na Kiazerbaijani, lugha ya utoto wake huko mkoani Salyan. Emin alijiunga nasi mwezi Machi ili aweze kuongea na mama yake. Kozi ni ya mwaka mzima.

Ijumaa iliyopita walisoma kwa mara ya mwisho. Wakati wa kuaga, Emin alisimama mlangoni, akatafuta maneno, akamwambia Mwalimu kile ambacho mama yake humwambia yeye kila asubuhi: "Maradhi yako yanipate mimi." Sasa, maneno hayo kwetu ni ya mama kwa mtoto, ya bibi kwa mjukuu. Humwambii mwalimu aliyekuzidi umri. Wenzake waliinamisha vichwa wasije wakacheka. Mwalimu Tukazban, ambaye hajawahi kuacha kosa lipite, alimwitikia tu, "Ishi sana, mwanangu," akachukua mkoba wake.

Mwalimu, kwa niaba ya wote uliowafungua midomo, ahsante. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na jamaa wa kukuzunguka. Jumatatu Emin alikuja dirishani kwangu kuuliza ni nani atakayemsahihisha sasa. Nilimwambia aketi kwanza, nikamletea chai.