Konea Zilizopakwa Rangi: Kumuaga Bwana Kingori

Baada ya miaka thelathini na miwili katika maabara ya kituo chetu cha macho hapa Nyeri, Bwana Kingori Nderitu anastaafu tarehe 30 Juni 1999. Kamati ilitaka makala ya sifa tupu. Yeye alikubali kuandikwa kwa sharti moja: habari ya Kagio isiachwe. Tulimbembeleza, akakataa, na ukaidi wake mnaujua.

Alianza mwaka wa 1967 akiosha vioo. Baadaye akawa fundi wa kukata tishu na kuzipaka rangi ili zionekane kwa hadubini, na kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Vidole vyake vilikuwa vyekundu hata kanisani. Mchungaji aliwahi kumuuliza kama huchinja mbuzi kabla ya ibada.

Mwaka wa 1997 alifariki Mzee Gatimu wa Kagio. Konea zake, ile ngozi angavu iliyo mbele ya jicho, zilikuwa zimechongoka hadi akashindwa kuona. Binti yake, Gaceri, alikuwa ameanza kuugua vivyo hivyo. Ukoo ulisema mtu huzikwa akiwa kamili. Mama Gaceri akasimama mbele ya wazee, akakubali macho ya mumewe yatolewe yachunguzwe, ili ugonjwa wa mtoto ueleweke.

Konea hizo zilikuwa ziende ng'ambo, kwenye hadubini mpya ya leza. Hadubini hiyo haihitaji rangi: mwanga wa leza ukiingia, nyuzi za kolajeni, zile zinazoishikilia konea, zenyewe huugeuza kuwa wa samawati, na madaktari wakaona zilivyosukwa na zilipolegea. Maagizo yalisema zitumwe kama zilivyo. Bwana Kingori aliyasoma. Lakini kwake, kuwatumia wageni tishu tupu kulikuwa sawa na kumpa mgeni chai bila maziwa. Akazipaka zote mbili, tena kwa ustadi. Leza ilipowashwa, rangi yake iling'aa ikafunika kila kitu. Hakuna uzi hata mmoja ulioonekana.

Wapo waliomshauri aseme ziliharibika njiani. Yeye alishika njia ya Kagio na sukari mkononi, kama ilivyo desturi, akaeleza yote huku ameinamisha kichwa. Mama Gaceri alimsikiliza hadi mwisho.

"Asante kwa kuniambia ukweli," alisema. "Lakini hiyo sukari rudi nayo. Mzee wangu ako huko chini bila macho, na yalienda bure."

Alirudi nayo. Tangu hapo amewafundisha mafundi wote kutuma konea bila kuzigusa, na mwaka jana picha za nyuzi za konea nyingine zilirudi safi ajabu. Tulitaka kuzitundika kwa jina lake, akakataa. Gaceri anatibiwa hapa, na jicho la kushoto bado linadhoofika. Bwana Kingori akimwona kwenye foleni hushindwa kumsalimia, na jambo hilo humuumiza.

Kwa sherehe ya Ijumaa aliomba mtu mmoja tu aalikwe. Mama Gaceri ametuma jibu kupitia binti yake: "Nitakuja. Hasira haijaisha, lakini nitakaa karibu na yeye."

Tulipompa jibu hilo, Bwana Kingori alilia mbele yetu sote bila kujificha.

Asante, Mzee, kwa kazi yako. Tunakuombea mvua shambani, afya, na wajukuu wasumbufu kiasi. Ijumaa, kiti cha Mama Gaceri kitakuwa mkono wako wa kulia. Tafadhali usikisogeze.