Idara Inayoongoza kwa Kumaliza

Ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele yangu, mhadhiri mmoja alikuwa akimweleza mama aliyekaa naye, ambaye hakuwa amemuuliza chochote, kwamba idara yao imeshika nafasi ya kwanza kwa shahada za uzamivu.

"Kwetu, dada, kila mwanafunzi anamaliza kwa miaka mitatu. Kila mmoja!"

"Hongera, kaka. Na wanaoacha njiani?"

"Hao hawahesabiwi. Wanaopanga hizo nafasi wanatuuliza waliohitimu tu."

"Na mwaka huu wamehitimu wangapi?"

Mhadhiri akageukia dirisha. Nami nikageuka, nikaona ukuta tu.

"Mmoja," akasema. "Lakini hodari kwelikweli!"

Mama akacheka taratibu. "Mimi nilisoma hapohapo kwenu. Msimamizi wangu alienda likizo na sura ya pili ya tasnifu yangu, na mpaka naondoka walikuwa hawajarudi, si yeye wala sura. Maji yakazidi unga, nikaacha."

"Pole sana, dada. Ila takwimu ni takwimu."

"Sibishi, kaka. Nauliza tu, mimi mmeniweka wapi?"

Mhadhiri akajikuna pasipomwasha, akaanza kufafanua tofauti ya kuacha masomo na kuahirisha. Alikuwa bado hajaipata basi liliposimama.

Mama akatwaa mkoba wake, akainuka.

"Mimi nashuka hapa, mwalimu. Ukifika mwisho wa njia, wahesabu waliobaki, kisha utangaze kwamba basi hili humfikisha kila abiria."