Ufa wa Udi wa Misri

Baraza ya nyumba ya Bwana Suud, pale Kajificheni, hukaliwa na watu watano kwa raha au saba kwa ugomvi. Kila siku baada ya sala ya alasiri, kivuli kikishavuka njia, muuza kahawa huweka dele lake, birika la shaba, ukutani, na sisi tukaanza kusema tusiyoyajua. Mwenye baraza ni Suud mwenyewe, mpiga udi, tunamwita Bwana Nyuzi. Mkono wake wa kulia hukaa Muhiddin Bandari, aliyewahi kutia makaa katika meli, akaiona Bandar Said mara moja kupitia kidirisha, na tangu siku hiyo Misri yote ni yake. Anafuata Kificho Methali, ambaye ana methali kwa kila jambo na hakuna hata moja iliyopata kukaa mahali pake. Ukingoni kabisa hukaa Fundi Silima, Mtumbatu, mchonga milango, tunamwita Kimya. Na mimi Borafya, dalali, niitwaye Mdomo Asali, ingawa siku ile asali yenyewe ilinikauka.

Udi wa Suud ulikuwa umepasuka.

Kabla sijakwambia waliyoyasema, nikwambie niliyoyajua, maana sina ubavu wa kukaa na jambo peke yangu. Udi ule ulikuwa ukijulikana mji mzima kuwa ni udi wa Misri, na haukutoka Misri. Ulitoka Malindi, mtaa wa hapa hapa mjini Unguja, chumba cha nyuma cha Fundi Silima, aliyeufanya kwa miaka miwili baina ya mlango na mlango. Alipoumaliza, miaka kumi na moja nyuma, aliwapelekea wapigaji wa mji mmoja mmoja. Suud aliushika, akautazama, akaurejesha bila ya kuupiga. "Fundi," alimwambia, "wewe tengeneza milango." Basi mimi nikauchukua, nikaupaka rangi ya kahawia, nikabandika ndani yake, chini ya tundu, karatasi ya sabuni iliyoandikwa Iskandaria, na miezi miwili baadaye Suud huyo huyo aliununua huku anaubusu. Nilimwahidi fundi kwamba kweli tutaisema baadaye. Alinijibu: "Aupige tu. Nataka niusikie." Ndiyo sababu mtu wa Malindi akawa anakuja Kajificheni kila alasiri ya Mungu, na kila nikimwona akiteremka njia ile nilikuwa naona haya.

— Jumamosi meli ya barua inaondoka, alisema Suud. Udi alikuwa nao mapajani, umefunikwa kanga ya mkewe, Bi Tamima. — Mpwa wangu Sleiman anakwenda Misri. Nnampa aurejeshe kwa waliouzaa.

— Umepasukaje? aliuliza Muhiddin.

— Wenyewe tu! Jana nimekaa hapa, nkasikia ta! Sikuugusa, wallahi.

— Hasadi hiyo, alisema Kificho. — Kikulacho ki nguoni mwako.

— Sasa udi nao una nguo?

— Una kanga.

Fundi Silima aliweka kikombe chake chini taratibu.

— Bwana Suud, niachie mie. Siku tano.

Suud alicheka. Hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma zaidi.

— Fundi, mlango huu umeufanya wewe, na mchwa mwenyewe anaupita kwa adabu. Hakuna asiyejua. Lakini huu ni udi wa Misri, bwana. Ubavu wake mwembamba kama ukucha.

— Nnajua.

— Unajua nini?

— Nnajua kuwa mwembamba.

Nilitazama juu, kwenye mbao za roshani, kama mtu anayehesabu misumari. Jumamosi ilikuwa siku nne mbele. Udi ukifika Misri, mafundi wa huko wataufungua, watakuta mti wasioujua na karatasi ya sabuni, na wataucheka au watautupa. Fundi asingeusikia tena. Na mimi ningesikika mpaka Pemba.

— Peleka, Suud, peleka, alisema Muhiddin. — Mie kazi yao nimeiona kwa macho yangu. Mafundi wamejipanga pwani nzima…

— Kupitia kidirisha, nilisema.

— Kidirisha kikubwa! Sikilizeni. Mbao za udi kule hulowekwa mto Nili miaka saba. Mwaka wa saba, mamba ndiye anayezileta juu.

— Mamba?

— Anazijua zilizoiva. Mbichi hazigusi.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Kificho. — Ushapata kumwona mamba anakwenda mbio?

— Na mti wenyewe ni mti gani? aliuliza Suud, na ilionekana anataka kusikia zaidi, maana mtu hupenda kusifiwa mgonjwa wake.

— Mti wenyewe hautoki msituni, bwana. Unatoka kwenye magurudumu ya kutekea maji mashambani kwao. Ng'ombe wanalizungusha gurudumu, na gurudumu linalia. Miaka mia linalia! Sasa mti uliokwishajua kulia, ukiufanya udi, utaufundisha nini tena?

Sote tuliitikia "ahaa", hata mimi niliyeupaka rangi kwa mkono wangu. Uwongo mzuri una raha yake, hata kwa mwenye kuujua.

Kificho hakukubali kuachwa nyuma.

— Hayo madogo. Mie nimesikia mbavu za udi wa Misri hupimwa kwa mbavu za mwimbaji. Anatafutwa bibi mwenye sauti nzuri kupita wote, analazwa kitandani, anapimwa kwa uzi. Ndo maana udi huu una mbavu kumi na tano.

— Bibi gani ana mbavu kumi na tano?

— Mwenye sauti anazo. Nyie wenye kelele ndo mna kumi na mbili.

— Na ile karatasi ya ndani? alisema Suud. Akaufunua udi kidogo, akauelekeza kwenye mwanga, akachungulia kwenye tundu. — Inasomeka Iskandaria tu, na nusu ya neno jengine.

— Jina la fundi wao mkubwa, alisema Muhiddin. — Huyo hatii jina lake ila udi mmoja kwa mwaka.

— Si jina, ni dua, alisema Kificho. — Dua ya kusafisha. Ndo maana sauti yake safi.

Nilimeza kahawa ya moto bila ya kuipuliza.

— Nionyeshe ufa, alisema Fundi Silima.

Suud akaondoa kanga yote. Ufa ulianzia karibu na shingo, baina ya ubavu wa tatu na wa nne, ukateremka urefu wa kidole. Fundi aliinama juu yake, mikono kaiweka nyuma, hakugusa.

— Huu wa nne ulikuwa haujakauka vyema, alisema. — Ulitaka kiangazi kimoja zaidi.

— Wewe umejuaje?

Fundi akajiangalia viganja.

— Nabahatisha.

— Usiwabahatishe mafundi wa Misri! alisema Muhiddin. — Mbao imekaa mtoni miaka saba, leo uje uniambie haijakauka?

— Imekaa mtoni miaka saba, nilisema, — sasa ikauke lini?

Hivyo ndivyo nilivyomtetea fundi, na ushujaa wangu wote ulikuwa huo.

Suud hakucheka. Alikuwa anaupapasa udi mgongoni kwa kidole kimoja.

— Nyie mnafanya mzaha. Mie udi huu nimeupiga harusi za watu mpaka alfajiri. Nimeupiga siku aliyozaliwa mwanangu Hamda, nimeupiga na homa. Kuna uzi ukiugusa, mbavu zake zinakujibu hapa. Akajigusa kifua. — Nnaogopa, jamaa. Nkimpa mtu asiyeujua, ukarudi hauna jibu, mie nifanye nini?

Fundi Silima akainamisha kichwa. Maneno aliyoyangojea miaka kumi na moja yalikuwa yamesemwa, na hayakusemwa kwake. Nilijisikia vibaya sana, na bado sikufungua mdomo.

Hapo ndipo alipotokea mtu mgeni, mwembamba, kinu kipya begani.

— Asalaam aleikum. Shikamooni, wazee.

— Waaleikum salaam. Marahaba, marahaba.

— Naitwa Duni, mchonga vinu, natoka Matemwe. Nnamtafuta Bi Tamima, kaagiza kinu.

Suud aliita juu dirishani. Sauti ya Bi Tamima ikajibu angoje kidogo, kuna wageni ndani. Duni akakiweka kinu chake barazani, ubavuni mwa Suud, akapewa kikombe cha kahawa. Kinu kilikuwa hakijashika mafuta wala moshi, manjano tupu.

— Ana nini mgonjwa wenu?

— Udi wa Misri, alisema Muhiddin. — Umepasuka.

Duni akavuta pumzi puani.

— Udi? Mbona sisikii harufu?

— Si wa kufukiza, bwana. Wa kupiga.

— Kwani umekosa nini?

Hata fundi alicheka. Suud akamwonyesha nyuzi, akazigusa mbili tatu kwa huruma, na Duni akatikisa kichwa kuonyesha kuwa sasa kafahamu. Kisha akausogelea. Pale ufa ulipofunguka, rangi yangu ya kahawia ilikuwa imeishia ukingoni, na ndani mti wenyewe ulikuwa unachungulia, manjano. Duni akautazama ufa. Akakitazama kinu chake. Akarudi kwenye ufa.

— Samahanini, wazee wangu. Misri kuna mifenesi?

— Kuna nini?

— Mifenesi. Maana huu mfenesi. Tazama kinu, tazama huu. Sie kazi yetu ndo mti huo. Nauliza tu, mie sijafika: huko Misri kuna mifenesi?

Muhiddin alifungua mdomo wake, mamba na magurudumu yote yakiwa bado ndani, akaufunga.

— Pale kidirishani, alisema hatimaye kwa sauti ndogo, — fenesi sikuliona.

Kificho alikuwa anatafuta methali. Tulimwona akitafuta.

— Mcheza kwao… alianza, akanyamaza. Kwa mara ya kwanza methali ilikuwa inakuja kukaa mahali pake, na nadhani ilimtisha.

Suud akanigeukia.

— Borafya. Wewe ndiye uliyeniletea. Misri kuna mifenesi?

Niliinua kikombe changu kwa muuza kahawa ili nipate cha kufanya. Akaliinamisha dele, likatoa machicha. Kahawa ilikuwa imekwisha. Nikamtazama Fundi Silima. Neno moja lake lingetosha, na lingetosha siku yoyote katika miaka kumi na moja. Lakini yeye hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anautazama ufa.

— Hakuna, nilisema.

— Na karatasi?

— Ya sabuni.

— Si nlisema? alisema Kificho. — Ya kusafisha.

Hakucheka mtu.

— Nani kaufanya? aliuliza Suud.

— Yule uliyemwambia atengeneze milango.

Namjua Suud tangu utoto wetu, na ni mtu wa kiburi chake. Nilimwona akikumbuka. Nilimwona akiushika tena udi ule siku ile ya kwanza, akiurejesha bila ya kuupiga. Nilidhani atanitukana, na ningestahili. Hakunitazama hata. Alisimama, akapita mbele yangu na mbele ya Kificho, akaulaza udi mapajani mwa Fundi Silima, na kanga ya mkewe juu yake.

— Kiangazi kimoja zaidi, alisema.

— Kimoja tu. Nilikuwa na haraka. Nlitaka nimsikie mtu anaupiga.

— Mbona hukusema, fundi? Miaka yote hii?

— Ulikuwa unaupiga vizuri.

Suud akakaa palepale chini, kwenye jiwe la njiani, mtu wa kanzu nyeupe, miguuni pa mchonga milango. Duni akasogeza kinu chake ili ampe nafasi. Fundi sasa alikuwa ameugusa ufa kwa kidole gumba, anaufuata toka juu mpaka chini.

— Siku tano, alisema. — Ubavu wa nne nnautoa, natia uliokauka. Na nikiufungua, sabuni pia naitoa.

— Mahali pake utatia nini?

— Mie mkono wangu wa patasi, si wa kalamu. Akanigeukia, na ilikuwa mara ya kwanza siku ile kunitazama. — Borafya, wewe una mwandiko mzuri. Karatasi unayo?

Nilichana ukurasa katika daftari langu, nikatoa kalamu.

— Andika: Silima wa Usi, Mtumbatu.

Nikaandika.

— Andika: Malindi, Unguja.

Nikaandika.

— Andika: mfenesi.

— Na mfenesi pia, fundi?

— Pia, alisema Fundi Silima. — Asije mtu akauliza tena.